Nani anamfundisha muuguzi wodini?

Tangu Serikali ilipozindua Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, mwaka 2007, na kuahidi zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, vyuo vya uuguzi nchini vimesukumwa kufanya jambo moja kuliko mengine yote: kuongeza wanafunzi. Vilivyokuwepo vilipanua udahili, vipya vikafunguliwa, vya Serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, na leo kijana aliyemaliza kidato cha nne akiwa amefaulu masomo ya sayansi ana uchaguzi wa vyuo ambao wazazi wake hawakuwa nao. Ni hatua ya kujivunia. Lakini kila mwanafunzi aliyeongezeka alihitaji mtu wa kumfundisha, na hapo ndipo hesabu yetu ilipopwaya. Tulijenga madarasa na mabweni, tukaandika mitaala, tukaweka mitihani. Suala la nani atafundisha, na ameandaliwaje kufundisha, tukaliacha lijimalize lenyewe. Hoja yangu ni kwamba kumfundisha muuguzi ni taaluma ya pili inayokaa juu ya taaluma ya uuguzi, yenye maandalizi yake, muda wake na hadhi yake. Tena pengo letu kubwa liko wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa, mahali ambapo wakaguzi wa elimu hufika mara chache kuliko darasani.

Dhana inayotukwamisha inaaminika kirahisi: anayeijua kazi anaweza kuifundisha. Chukua kazi ya kila siku kama kuweka kanula kwenye mshipa. Muuguzi mzoefu anafunga mpira juu ya kiwiko, anapapasa kwa ncha ya kidole, anasafisha, anachoma, anabandika plasta, na dakika chache tu zimepita. Ukimwomba aeleze atasema, "Tafuta mshipa, choma, ukiona damu sukuma." Mwanafunzi akiyafuata maneno hayo kama yalivyo, mkono wa mgonjwa utavimba, kwa sababu kati ya kuona damu na kusukuma kuna mambo ambayo mikono ya mzoefu huyafanya bila mwenyewe kuyahesabu. Anashusha sindano ilale karibu na ngozi, anaisogeza mbele kidogo sana ili ncha ya plastiki nayo iingie ndani ya mshipa, kisha anaizuia sindano isiendelee huku plastiki ikiteleza peke yake. Mwanafunzi hukosea hapo hapo: anaona damu, anafurahi, anasukuma vyote kwa pamoja na kutoboa ukuta wa pili wa mshipa. Mwalimu aliyeandaliwa anajua kosa litatokea wapi hata kabla ya mpira kufungwa. Anasimama upande anaoweza kuona vidole vya mwanafunzi, anamwagiza atulie damu inapoonekana, anamuuliza atafanya nini sasa, na ndipo anamruhusu kuendelea. Mzoefu asiyeandaliwa huichukua sindano mkononi mwa mwanafunzi, humaliza mwenyewe, kisha huuliza, "Umeona?" Mwanafunzi hujibu kwamba ameona, na kweli ameona, ila hajajifunza.

Patricia Benner, mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, aliieleza sababu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu safari ya muuguzi kutoka ugeni hadi ubingwa. Mgeni hushikilia kanuni kwa sababu hana kingine cha kushika, ilhali bingwa ameshapita hapo. Huitambua hali ya mgonjwa mara moja, na mara nyingi hawezi kueleza ameitambuaje. Ngazi tano za Benner zimefundishwa vyuoni hadi zimezoeleka, lakini kuna sehemu ya hoja yake ambayo huwa tunaipita mbio: bingwa akihamishiwa kazi asiyowahi kuifanya, anarudi kuwa mgeni. Muuguzi aliyetumikia wodi ya upasuaji miaka ishirini akipelekwa kwenye chumba cha watoto njiti ataanza upya kwa mambo mengi, na hakuna anayeshangaa. Akipelekwa kufundisha, tunatarajia awe bingwa siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2016 mwongozo wa umahiri anaopaswa kuwa nao mwalimu wa wauguzi, lilitaja maeneo manane: jinsi watu wazima wanavyojifunza, uandaaji wa mtaala, utendaji wa uuguzi, utafiti, mawasiliano na ushirikiano, maadili na sheria, upimaji na tathmini, na uongozi. Utendaji wa uuguzi, yaani kile ambacho muuguzi hodari anacho tayari, ni eneo moja kati ya hayo manane.

Tazama sasa jinsi tunavyowapata walimu wetu. Vyuo vikuu huwabakiza wahitimu wanaofanya vizuri zaidi kama wakufunzi wasaidizi, kisha huwapeleka kusoma shahada ya uzamili na baadaye uzamivu. Ni watu makini, lakini wapo walioingia darasani wakiwa na uzoefu wa wodi usiozidi mwaka mmoja wa utarajali, na ngazi watakazopanda zinategemea sana machapisho ya utafiti. Vyuo vya kati, vinavyotoa astashahada na stashahada chini ya NACTVET, hupata wakufunzi wengi kutoka hospitalini. Baadhi yao wamepitia mafunzo ya ualimu wa kada za afya, ambayo kituo cha CEDHA cha Arusha kimekuwa kikiyatoa kwa miongo kadhaa. Wengine hufika darasani wakiwa na cheti cha uuguzi na nia njema. Kundi la tatu ndilo kubwa kuliko yote, ingawa halimo katika orodha ya walimu wa chuo chochote. Ni wauguzi wa zamu. Muuguzi anaingia asubuhi, wodi imejaa, na ukutani wamesimama wanafunzi kumi na kitu katika sare zao, wengine wa chuo cha Serikali, wengine wa chuo binafsi, wa mwaka wa kwanza wakiwa wamechanganyika na wa mwaka wa mwisho, kila mmoja na kitabu cha kumbukumbu za vitendo kinachosubiri saini. Hakuna aliyemweleza kila kundi limeshasoma nini na linatakiwa kutoka na nini. Anawagawia kazi ya kupima joto na shinikizo la damu, kwa kuwa hiyo haitamdhuru mtu, na mwisho wa zamu anasaini. Simlaumu hata kidogo. Amepewa kazi ya pili ambayo haimo kwenye mgawo wake wa zamu, hakufundishwa kuifanya, na hakuna siku atakayoulizwa ameifanyaje.

Kwa nini niegemee wodini badala ya darasani? Kwa sababu ndiko elimu ya uuguzi inakokamilika au inakovunjika. George Miller, aliyetumia maisha yake kuwaandaa walimu wa vyuo vya udaktari Marekani, alipendekeza mwaka 1990 piramidi ya ngazi nne: mwanafunzi anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha kwamba anaweza, na mwisho anafanya kweli kazini. Mtihani wa kuandika hupima ngazi mbili za chini. Mtihani wa vituo, ambao Ronald Harden wa Dundee aliubuni miaka ya 1970 na ambao vyuo vyetu vingi sasa vinautumia, hupima ya tatu: mwanafunzi anazunguka kutoka kituo hadi kituo na kuonyesha stadi mbele ya mtahini mwenye orodha. Kilele cha piramidi, yaani kile anachofanya saa nane usiku mgonjwa wa kweli anapobadilika, kinaonekana wodini tu, na anayeweza kukiona na kukirekebisha ni yule aliyesimama naye pale. Mkufunzi wa chuo anayepita hospitalini mara moja kwa wiki kukagua mahudhurio hawezi kukiona. Tukiwekeza katika mwalimu wa ngazi za chini pekee tutapata wahitimu wanaofaulu mitihani, na hatutajua wanafanya nini baada ya mtihani.

Ushahidi wa jambo hili hauhitaji kutafutwa Ulaya. Mwaka 2010 Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliwapa watumishi wake mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua baada ya kuzaliwa. Watafiti waliwapima kabla na miezi kadhaa baadaye, kwa njia mbili: kwa mwanasesere wa mafunzo, na kwa kutazama kilichofanyika katika chumba cha kujifungulia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, Hege Ersdal akiwa mwandishi wa kwanza, yalipaswa kubandikwa katika kila ofisi inayopanga semina. Kwa mwanasesere, watumishi walikuwa wameimarika sana. Kwa watoto wenyewe, huduma haikuwa imebadilika. Watu walewale, ujuzi uleule, hospitali ileile. Stadi ilipatikana darasani na ikabaki huko. Hospitali haikurudia semina kubwa zaidi. Iliingiza mazoezi mafupi ndani ya wodi yenyewe, ya dakika tatu hadi tano kila wiki, yakiongozwa na watu wa hapohapo. Ripoti ya mwaka 2015 ya Estomih Mduma na wenzake inaonyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Hiyo ni hospitali moja, na msomaji makini atasema kwamba kulinganisha mwaka mmoja na unaofuata hakutoshi. Ana haki. Ndiyo maana kazi iliyofuata ina uzito. Mradi uliokua kutokana na uzoefu huo ulipelekwa katika hospitali 30 za mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na kuhusisha takriban akina mama 300,000 na watoto wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, mwandishi wa kwanza akiwa Mtanzania, Benjamin Kamala. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vifo vya akina mama vilishuka kutoka takriban 240 hadi takriban 60 kwa kila 100,000. Mradi ulileta pia vifaa vipya vya kupima mapigo ya moyo wa mtoto na kumsaidia kupumua, na utaratibu wa kutumia takwimu za wodi kuchagua cha kufanyia mazoezi, kwa hiyo si haki kuipa elimu sifa yote. Lakini uti wa mgongo wake ulikuwa wauguzi na wakunga wa hospitali zilezile, walioandaliwa kuongoza mazoezi ya wenzao: kupanga tukio, kumwacha mwenzako atende, kisha kuzungumza naye kilichotokea bila kumfedhehesha. Hizo ni stadi za ualimu. Zilifundishwa kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wahadhiri wala hawakuwa na mpango wa kuwa wahadhiri, na katika mikoa ambayo haijulikani kwa wingi wa watumishi.

Nimeutaja uhaba wa watumishi kwa makusudi, maana ndicho kipingamizi cha kwanza na chenye nguvu kuliko vyote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inakadiria kwamba dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023, na mzigo mkubwa wa upungufu huo uko katika nchi kama zetu. Muuguzi mfawidhi anayepanga zamu akiwa na watu pungufu atauliza: utamtoaje mtu kitandani umpeleke kufundisha? Swali lake ni la kweli, lakini linachukulia kwamba kufundisha hakufanyiki kwa sasa na kwamba tunaomba muda mpya. Wanafunzi wamo wodini tayari. Muda tayari unatumika, ila unatumika vibaya: muuguzi anakatishwa kazi mara kadhaa kwa zamu kujibu maswali yanayojirudia, anarudia kazi iliyoharibika, anatumia vifaa mara mbili, na mwishowe anawakwepa wanafunzi ili amalize. Mtu mmoja katika wodi, aliyeandaliwa na aliyepunguziwa wagonjwa kwa siku zenye wanafunzi wengi, anawaondolea wenzake mzigo huo. Tena wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakiongozwa vizuri huchangia mikono. Uzoefu wa Haydom ulionyesha kwamba dakika tano zilizopangwa zinaweza kufanya kilichoishinda siku nzima ya semina, na dakika tano zinapatikana hata Geita.

Kipingamizi cha pili hutoka vyuo vikuu, nacho kinasema suluhisho ni shahada za juu. Wanaosema hivyo wana ushahidi mzuri. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliotolewa na The Lancet mwaka 2014 kutoka hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya, uligundua kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada ya kwanza liliambatana na upungufu wa asilimia 7 wa uwezekano wa mgonjwa kufariki baada ya upasuaji. Elimu ya juu ya muuguzi inaokoa maisha na sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni kuifanya shahada ya uzamili ya afya ya jamii au ya uuguzi wa magonjwa mahututi kuwa ushahidi kwamba mwenye nayo anaweza kufundisha. Shahada hiyo imempa maarifa zaidi ya fani. Inawezekana haikumgusia namna ya kutunga swali linalopima uamuzi badala ya kumbukumbu, wala namna ya kumrudisha mwanafunzi aliyekosea bila kumvunja moyo. Marekani, nchi yenye wauguzi wengi wenye shahada za uzamivu, shirika la National League for Nursing liliona haja ya kuanzisha mwaka 2005 cheti maalumu cha mwalimu wa wauguzi, na mwaka 2018 likaongeza kingine kwa ajili ya wanaofundisha hospitalini. Hawakuamini kwamba shahada inatosha, wala kwamba cheti cha darasani kinamtosha mwalimu wa wodini.

Wapo pia watakaosema kwamba vizazi vya wauguzi wa nchi hii vilijifunza kwa kuwatazama waliotangulia, na vikahudumia taifa. Nawaheshimu wauguzi hao, na nakubali kwamba kutazama ni njia ya kale na yenye nguvu ya kujifunza. Tatizo lake ni nguvu hiyohiyo. Mwanafunzi anayetazama hachagui. Anachukua mazuri na mabaya kwa pamoja. Patografu, fomu ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua, ni mfano unaouma. Darasani anafundishwa kwamba mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa na kuandikwa kila nusu saa, na kwamba mstari wa tahadhari uko pale ili ucheleweshaji uonekane mapema na mama apelekwe kwa daktari kwa wakati. Akifika leba iliyozidiwa, anaweza kukuta fomu ikijazwa baada ya mtoto kuzaliwa, nukta zikipangwa vizuri kwenye mstari kwa ajili ya faili. Hakuna anayemwambia afanye hivyo. Anatazama tu, na katika siku chache amejifunza kwamba patografu ni karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Mwalimu aliyeandaliwa hulikamata jambo hili palepale: anakaa na mwanafunzi mbele ya fomu ambayo haijakamilika, anamuuliza nukta ya mwisho inamwambia nini kuhusu mama huyu wa kitanda cha tatu, na atafanya nini ikiwa nukta ijayo itavuka mstari. Kwa dakika hizo karatasi inakuwa chombo cha kufikiria. Tofauti kati ya mafunzo hayo mawili haitaonekana katika mtihani wowote wa kuandika.

Kuna kazi moja ya ualimu ambayo hatuipendi kuitaja, nayo ni kumfelisha mwanafunzi. Mwaka 2003 Kathleen Duffy, mtafiti wa Scotland, alichunguza kwa nini wauguzi waliokabidhiwa wanafunzi Uingereza waliwapitisha hata wale waliowatilia shaka. Aligundua kwamba walichelewa kuona tatizo, hawakuwa na uhakika na hukumu yao, waliogopa kuharibu maisha ya kijana, na waliona mchakato wa kumfelisha ni mzito kuliko wa kumpitisha. Baadaye baraza la uuguzi la nchi hiyo lilibadilisha mfumo, na katika viwango vya mwaka 2018 likatenganisha anayemsimamia mwanafunzi siku kwa siku na anayemtathmini mwisho. Kwetu shinikizo ni zito zaidi. Mzazi ameuza mifugo kulipa ada, chuo kinahitaji takwimu nzuri za ufaulu, na muuguzi wa wodi aliyekuwa na mwanafunzi kwa wiki mbili ana kalamu tu na ukurasa wa saini. Ukimwachia peke yake uamuzi huo bila kumfundisha kuandika alichokiona, kwa tarehe na kwa tukio, na bila chuo kusimama nyuma yake, atasaini. Saini hiyo ndiyo itakayompeleka mhitimu kwenye zahanati ambako atakuwa peke yake usiku, bila mtu wa kumuuliza.

Lugha nayo ina nafasi yake katika maandalizi haya, na nashangaa inavyosahaulika katika miongozo iliyoandikwa ughaibuni. Uuguzi wetu unasomwa kwa Kiingereza na kufanywa kwa Kiswahili, na vijijini mara nyingi kwa lugha ya tatu. Mwanafunzi anayeweza kuandika aya nzuri kuhusu tathmini ya maumivu anaweza kukwama mbele ya bibi anayesema mwili wote unawaka moto na tumbo linakata. Mwenye kazi ya kumvusha ni mwalimu wa wodini: amsaidie kugeuza maneno ya bibi kuwa taarifa itakayoeleweka zamu inapokabidhiwa, na kugeuza maelezo ya kitabu kuwa maneno ambayo bibi ataenda nayo nyumbani na kuyafuata. Kazi hiyo ina mbinu zake, kwa mfano kumtaka mwanafunzi amwombe mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, na mbinu hizo zinaweza kufundishwa kwa mwalimu kama zinavyofundishwa nyingine.

Tufanye nini basi? Sioni haja ya chuo kipya. Inahitajika kozi fupi ya ualimu wa kitabibu, ya miezi michache, inayosomwa huku muuguzi akiendelea na kazi, ambayo mkufunzi wa chuo na muuguzi wa wodi wanaisoma pamoja. Naisisitiza hiyo pamoja, kwa kuwa nusu ya matatizo niliyoyaeleza yanatokana na watu hawa wawili kutokujuana. Sehemu kubwa ya kozi iwe kufundisha kweli huku ukitazamwa: mtu anafundisha kitandani, mwenzake anamwangalia, baadaye wanakaa na kuzungumza, kisha anarudia. Hotuba kuhusu nadharia za kujifunza zisichukue zaidi ya zinavyostahili. CEDHA ina uzoefu wa kuwaandaa wakufunzi, na vyuo vikuu kama MUHAS vina wataalamu wa elimu ya kada za afya. Wakikaa na Baraza la Uuguzi na Ukunga wanaweza kuandika mtaala huo bila kusubiri mfadhili. Kozi ihesabiwe katika mafunzo endelevu anayodaiwa muuguzi anapohuisha leseni yake. Anayehitimu aandikwe na Baraza kama mwalimu wa vitendo, na kazi yake iingizwe katika malengo yake ya mwaka ndani ya PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji ulioshika nafasi ya OPRAS. Jambo ambalo mtumishi hapimwi nalo hufanywa na wenye moyo peke yao, na wenye moyo huchoka. Upande wa pili, mkufunzi wa chuo apewe zamu halisi hospitalini kila mwezi, akiwa na wagonjwa wake, ili asiendelee kufundisha uuguzi wa enzi alipoondoka wodini.

Gharama ipo. Lakini vyuo hulipia hospitali kupokea wanafunzi, na ada hiyo inatoka mifukoni mwa wazazi. Ni haki sehemu yake ifike katika wodi inayofanya kazi ya kufundisha, kama posho ya mwalimu wa vitendo au kama mtumishi wa ziada wa mkataba katika miezi yenye wanafunzi wengi, badala ya kumezwa yote na matumizi mengine ya hospitali. Hospitali itakayoonyesha kwamba inafundisha vizuri ipewe wanafunzi na ada yake; itakayoshindwa ipunguziwe vyote viwili. Hilo linawezekana chini ya mamlaka zilizopo. Baraza lilipewa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 jukumu la kusimamia viwango vya taaluma, NACTVET inasimamia vyuo vya kati, na TCU vyuo vikuu.

Mamlaka hizo zinaweza kuanza na ukaguzi ujao. Mbali na kuhesabu viti, vitabu na kompyuta, mkaguzi aombe orodha ya wodi zote ambako chuo hupeleka wanafunzi, na mbele ya kila wodi jina la muuguzi anayewafundisha, tarehe aliyoandaliwa kufundisha, na saa anazotengewa kwa wiki kwa kazi hiyo. Chuo ambacho safu hizo ziko tupu kisifungwe, maana kwa sasa huenda tukavifunga karibu vyote. Kipewe mwaka mmoja wa kuzijaza kwa kushirikiana na hospitali yake, na hadi hapo kisiongezewe hata mwanafunzi mmoja.